Nguo Itafuliwa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mchora Vitambaa

Kila anayekuja Goba, Dar es Salaam, kujifunza kwangu kuchora vitambaa namkabidhi beseni kabla ya brashi. Wengine hununa. Wamekuja kuchora maua na mawimbi, mimi nawapa sabuni ya mche. Lakini picha ya ukutani haifuliwi. Nguo inafuliwa, na mfarishi, yaani blanketi la viraka, utafuliwa pia, na atakayefua ni mtu aliyekulipa. Miaka mingi nyuma nilichora mashati 12 ya sare za harusi, nyekundu juu ya nyeupe, nikayapeleka bila kuijaribu ile nyekundu. Jasho la ukumbini lilitosha. Keki haijakatwa, kola zote zimekuwa za waridi. Niliyalipia mashati yote, na mama wa bwana harusi hajanipigia simu hadi leo. Sheria hizi zimetoka huko na kwingineko, na sizilegezi kwa mtu.

DUKANI NA KWENYE BESENI

Usiamini neno la muuzaji kuhusu pamba. Kariakoo utaambiwa "hii pamba tupu, dada" kwa kitambaa chochote. Omba kipande kidogo, toka nje ya duka, chomoa uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, uwashe kila mmoja peke yake. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini linalopeperuka. Polista inajikunja, inayeyuka, inaacha kijiwe cheusi kigumu unachoweza kukibiringisha kati ya vidole. Choma nyuzi zote mbili, kwa sababu kitambaa cha mchanganyiko huweza kuficha polista upande mmoja tu. Rangi zetu za kuchovya zinashika pamba. Kwenye polista zinapaka tu na kuondoka na maji ya kwanza.

Nunua kitambaa cha kazi nzima siku moja, kutoka jora moja. Ukirudi wiki ijayo kuongeza mita mbili utapata weupe mwingine, na rangi yako itauonyesha weupe huo mchana kweupe.

Anayeanza aanzie kwenye marekani. Ni nzito, ni ghafi, inavumilia makosa. Jina lake lina historia: tangu miaka ya 1830, baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said, meli za Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar shehena za kitambaa hicho, watu wakakiita kwa jina la kilikotoka. Hadi leo pamba ya Shinyanga na Simiyu inaondoka nchini ikiwa ghafi kwa sehemu kubwa, nasi tunakwenda Kariakoo kununua shuka iliyofumwa na kupakwa wanga ng'ambo. Jambo hilo linaniuma kila ninapokata jora.

Wanga huo utoe. Fua kitambaa kipya kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili, mpaka maji yatoke meupe na kitambaa kilegee mkononi. Pima urefu kabla na baada. Kitambaa kisichofuliwa kinarudi kikiwa tayari ni gauni, na gauni likirudi halina pa kuongezea.

Usichovye kwa maji usiyoyajua. Tunaoikumbuka Goba ya maboza tulijifunza kwa shida. Boza la leo limechota mtoni, la kesho kwenye kisima kirefu chenye chumvi, na bluu ileile inatoka na mabaka. Chukua chupa, jaza maji nusu, tia kipande cha sabuni, tikisa. Povu lisipopanda, maji hayo hayafai kwa rangi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, weka mapipa chini ya bati, uyafunike mbu wasitage, na maji hayo yawe ya rangi na ya suuza ya mwisho.

MOTO NA DAWA

Hapa sibembelezi. Asiyefuata sehemu hii namrudisha kwao siku hiyohiyo.

Usiyeyushe nta jikoni, wala ndani ya chumba, wala juu ya moto unaowaka wazi chini ya sufuria. Weka sufuria ya nta ndani ya sufuria kubwa yenye maji, juu ya jiko la mkaa lililotulia, uwani, upepo ukiwa mgongoni kwako. Nta ikianza kutoa moshi imeshapita kiasi; iepue. Ikishika moto, funika na mfuniko na uondoke. Usimwagie maji. Maji yakikutana na nta inayowaka yanalipuka kuwa mvuke na kurusha moto hadi darini. Mfuniko uwe pembeni ya jiko kabla hujawasha, si kwenye kabati.

Changanya parafini na nta ya nyuki. Parafini peke yake ni rahisi lakini inavunjika ovyo, mistari ya nyufa inajaa hata mahali usipoitaka. Nta ya nyuki inajikunja pamoja na kitambaa. Tabora wana nta nzuri. Ilipe bei yake. Kujua kama imepata joto, dondosha tone moja kitambaani. Likipenya na doa likawa kama kioo hadi nyuma, endelea. Likikaa juu, jeupe kama mshumaa, nta imepoa na rangi itapita chini yake.

Kostiki soda inamwagwa kwenye maji. Maji hayamwagwi kwenye kostiki. Kariri hivyo. Ukigeuza mpangilio, mchanganyiko unachemka ghafla na kukurukia usoni. Vaa glovu ndefu na miwani, hata kama unachovya leso moja. Usitumie sufuria ya alminiamu. Kostiki inaila na kutoa gesi inayowaka. Tumia ndoo ya plastiki, chuma kisichoshika kutu au enameli isiyobanduka. Haidro, ile poda inayokwenda pamoja na kostiki kwenye rangi ya kuchovya, ikae pakavu, kopo limefungwa, kwa sababu ikipata unyevu inapata joto yenyewe na inaweza kuwaka.

Na hili nalisema kila Jumatatu asubuhi: kostiki haiwekwi kwenye chupa ya soda, wala ya maji, wala ya juisi. Hata kidogo, hata kwa dakika tano. Nyumba zetu zina watoto, na watoto wa jirani, na mgeni mwenye kiu. Koo la mtoto lililoungua kwa kostiki halitengenezeki kwa samahani. Nina sanduku la bati lenye kufuli, ufunguo naulalia.

Usimwage maji ya rangi nje ya geti. Goba ni vilima. Unachomwaga wewe juu kinashuka kwa jirani wa chini, kinapita kwenye mchicha wake na karibu na kisima chake. Tumia ndoo ya rangi mpaka iishe nguvu kwa vitambaa vya majaribio, kisha mabaki yaende kwenye shimo lako la maji machafu. Nta iliyochemshwa kutoka kitambaani iache ipoe, itaganda juu kama utando. Itoe, itumie tena. Ukiimwaga ikiwa moto itaziba bomba lako, na hakuna fundi atakayeipenda kazi hiyo.

Pale kwenye ndoo, usiwe na haraka. Kitambaa cha bluu kikitolewa kwenye rangi ya kuchovya hakitoki bluu. Kinatoka na rangi ya majani mabichi yaliyochanganyika na manjano, kinadondosha, na mwanafunzi anapaniki anataka kukirudisha. Kinyanyue, kikunjue, kiache kishike hewa. Utaona bluu inaanzia kwenye pindo zilizotanguliwa na upepo, inatambaa kuelekea katikati, kama maji yanavyopanda kwenye mchanga. Dakika kadhaa tu. Ukikirudisha ndoo mapema umekula rangi yako mwenyewe, na ukikikunja kikiwa bado kijani utaishi na mistari ya mikunjo. Nimeitazama bluu hiyo ikija mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na bado naacha kila kitu kuitazama.

Anika kivulini. Jua la saa saba mchana lipe godoro.

BRASHI

Usichore nguo kwa rangi ya mafuta. Najua wengi mmeanza kwa kumpenda Edward Saidi Tingatinga, na mna haki ya kumpenda. Alichora kwa rangi ya mafuta inayong'aa juu ya ubao, akafariki mwaka 1972, na mtindo wake ukabaki na jina lake. Ubao hauvaliwi. Rangi hiyo kwenye shati inakuwa gamba, inanuka, inapasuka kwenye kiwiko siku ya pili. Tumia rangi ya kitambaa. Iache ikauke siku nzima, kisha ipige pasi ya moto upande wa nyuma, taratibu, ukihesabu. Pasi ya mkaa inafaa umeme ukikatika, mradi uweke kitambaa chakavu juu, maana cheche moja ni tundu.

Jaribu kila rangi mpya, hata kama kopo ni la kampuni ileile na namba ileile. Chora kipande cha ukubwa wa kiganja, kisubiri, kipige pasi, kisha kifue kwa sabuni ya mche pamoja na kitambaa cheupe, ukisugua kama mtu anayefua kola. Mara tatu. Kipande kingine kifunike nusu kwa kadibodi ukakitundike juani wiki mbili. Nusu hizo mbili zikitofautiana, rangi hiyo haiingii kwenye kazi ya mteja. Vipande vyangu vimebandikwa kwenye daftari, kila kimoja na tarehe. Daftari hilo lina thamani kuliko cherehani zangu.

Usianze kuchora kabla ya kukaa na fundi cherehani. Nguo si turubai. Fundi akuchoree kwa chaki pa kukata, panapoingia mshono, panapokaa bega, wapi kifua na wapi kiuno. Nimeona ua zuri lililochorwa kwa siku mbili likagawanywa nusu na zipu. Nimeona macho mawili ya bundi yakatua juu ya matiti ya mama mtu mzima, akavaa mtandio juu yake harusi nzima. Fundi halaumiwi. Na fundi alipwe siku aliyoahidiwa, si baada ya wewe kulipwa.

Usiige. Nakshi za jirani yako si mali yako kwa sababu umeziona kwenye simu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda mchoro hata ukiwa juu ya kitambaa, na COSOTA ipo kwa ajili hiyo. Lakini hata sheria ikiwa imelala, tazama wakubwa wetu. Nyumba ya Sanaa ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, vijana walifundishwa ufundi mmoja na kila mmoja akatoka na mkono wake. George Lilanga alichora mashetani wale wenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo juu ya batiki, juu ya ngozi ya mbuzi, juu ya ubao, na popote alipowaweka ulijua ni wake. Mashetani wa Lilanga waache wapumzike naye. Toka nje. Goba ina simtanki juu ya minara, mabati yanayopanda mlima kwa ngazi, vumbi jekundu la barabarani, bajaji zilizobeba milango. Nani kayachora hayo kwenye hariri?

MFARISHI

Wengi hawalijui neno hili siku hizi, wanasema "blanketi la viraka". Mfarishi ni tabaka tatu: uso, tabaka la joto katikati, na mgongo, zikashonwa pamoja kwa mishono inayopita zote. Mishono hiyo ndiyo mfarishi. Bila hiyo una shuka mbili zilizofungia uchafu.

Usijaze sufi. Inafaa mito, ndani ya mfarishi inahama, inajikusanya kwenye kona, na ikifuliwa inabaki mabonge. Weka blanketi jepesi la pamba au kanga zilizochakaa, hata tatu kwa pamoja. Piga bandi kwanza, kutoka katikati kwenda nje, ukilaza kwa viganja, ndipo ushone. Asiyepiga bandi ataona mgongo umejikunja mahali asipoweza kufikia.

Tuna ndugu wa mbali katika kazi hii. Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, wanashona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi. Wao huanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, kisha kwenye kona huweka viraka vilivyokunjwa wanavyoviita maua. Mfarishi usio na maua hayo kwao ni mfarishi ulio uchi. Nimechukua kwao ile njia ya kuanzia ukingoni. Maua ya kona sijachukua, ni yao.

Sasa kanga za marehemu. Kazi hizi zinaongezeka, na ndizo ninazoziogopa.

Dada mmoja alinijia na mfuko wa kanga tisa za mama yake. Msiba ulikuwa na miezi minne. Mwanafunzi wangu, kwa nia njema kabisa, akashika mkasi wakati bado tunasalimiana. Nilimshika mkono. Usikate kanga ya marehemu siku ya kwanza, wala ya pili. Kaa na mwenye nazo. Zikunjue moja moja mezani, aziongelee. Yupo atakayesema hii aliivaa jikoni, hii ni ya arobaini ya baba, hii alinifungia mgongoni. Andika. Piga picha kila kanga ikiwa nzima. Uliza ipi haikatwi. Katika zile tisa, mbili zilirudi nyumbani kama zilivyokuja, zikiwa na harufu ya udi na moshi.

Kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Usipitishe mkasi kwenye jina. Jina likikatwa katikati ni kama umemkatisha mzee kauli. Litoe zima, kwa mstari wake wote, lishone likisomeka, na likae upande wa kichwa ili anayejifunika alione. Yule dada alikuwa na kanga moja yenye tundu dogo la cheche, duara, kingo zake za kahawia. Nikamwuliza nilizibe kwa ua? Akasema hapana, mama alilipata Idi ile tuliyopikia uani, liache. Nikaliacha. Nilizungushia mshono mwembamba wa uzi mweupe ili tundu lisikue, na nyuma nikaweka kipande cha bluu, kwa hiyo ukitazama karibu unaona kiduara cha bluu, kidogo kuliko kifungo.

Vipande vinavyobaki ni vyake. Vyote. Hata ukanda wa upana wa kidole unawekwa kwenye mfuko na kurudishwa. Usimtengenezee mtu mwingine pochi kwa masalio ya mama wa mtu.

PESA

Usianze kazi bila nusu ya malipo. Usianze kazi ya maonesho ya Sabasaba mwezi Juni. Anza Februari, kabla masika haijakunyima pa kuanika.

Andika saa zako. Mita, rangi, mkaa, nauli ya bodaboda kutoka Tangi Bovu, umeme, na saa. Mfarishi wa kitanda unaoshonwa kwa mkono unaweza kukula wiki tano au sita, na wiki hizo umekula, umelipa ada, umeugua. Ukiuza kwa bei ya vitambaa tu, umempa mteja wiki sita za maisha yako bure, na umemharibia mwenzako wa Temeke ambaye kesho ataambiwa "mbona yule wa Goba anauza rahisi".

Mwaka 1837 Georgia, Marekani, alizaliwa katika utumwa mwanamke aitwaye Harriet Powers. Alipokuwa huru alishona mfarishi wa visa vya Biblia, watu na wanyama wakiwa vipande vya kitambaa vilivyokatwa na kushonewa juu. Ulionyeshwa kwenye maonesho ya pamba mjini Athens mwaka 1886. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, akataka kuununua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye hali ikambana, akaupeleka mwenyewe. Alitaka dola 10. Aliambiwa zipo 5. Aliuacha, na baadaye alikuwa akirudi nyumbani kwa mnunuzi kuutazama. Leo mfarishi huo uko Smithsonian, Washington, na hauna bei.

Sikuhadithii hili ili usiuze kamwe ukiwa na shida. Shida ni shida, na watoto wanakula. Ila kabla ya kutaja nusu ya bei, hakikisha umeshaitaja bei nzima kwa sauti, ukiwa umesimama wima.

Na kuna jambo moja ambalo Powers alilifanya vizuri kuliko wengi wetu. Siku ya kuuza alimweleza mnunuzi kila mraba una kisa gani, na maelezo yakaandikwa. Ndiyo maana tunajua leo alichokusudia. Kwa hiyo usikabidhi kazi isiyo na maandishi. Shona kipande cha pamba nyeupe nyuma, pembeni chini: jina lako, Goba, mwaka, aina ya rangi, na namna ya kufua. Kama ni kanga za marehemu, andika na jina lake, kwa ruhusa ya aliyezileta. Tumia kalamu isiyofutika. Na hiyo kalamu, dukani wakikuambia haifutiki, ijaribu kwanza kwenye beseni, mara tatu.